Pinboli Mbovu Ni Kamari

Mtu akikukabidhi ghala lenye mashine za pinboli thelathini na kitu, ambazo hazijaguswa kwa miaka mingi, mkono utakuwasha. Utatamani kuchomeka plagi ya ile iliyo karibu na mlango uone kama taa zake bado zinawaka. Jizuie. Mashine iliyotelekezwa ikiwashwa kwa pupa huweza kuunguza koili zake, ikaharibu bodi, na mambo yakienda kombo ikashika moto kabla hujawahi kuizima.

Naizungumzia kazi hii kwa sababu nimo ndani yake. Hapa Chicago ninapoishi kulikuwa na mzee mmoja ambaye maisha yake yote alisambaza mashine za michezo kwenye mabaa, akigawana na wenye baa sarafu zilizoingia. Biashara ilipofifia alizirudisha ghalani moja baada ya nyingine, akazipanga zikabanana, akafunga mlango. Sasa mzee hayupo, na familia yake imezikabidhi kwa kundi la watu wa kujitolea, nami ni mmoja wao. Ufundi wa umeme niliuanzia Tanga, kwenye meza ya mjomba wangu aliyekuwa fundi redio, na mengi aliyonifundisha pale nayatumia hapa kama yalivyo.

Kwa ambaye hajawahi kuiona pinboli: ni kasha la mbao lenye miguu minne ya chuma, lililoinama kidogo kuelekea kwa mchezaji. Juu yake pana kioo, na chini ya kioo kuna uwanja wa plaiwudi uliopakwa rangi za kuvutia. Humo inakimbia gololi ya chuma yenye upana wa milimita 27 na uzito wa gramu 80 hivi, ikigonga bampa na shabaha, na kila inapogonga unapata alama. Mchezaji ana vitufe viwili, kimoja kila ubavu. Akibonyeza, flipa inaruka na kuipiga gololi irudi juu. Gololi ikiponyoka katikati ya flipa, imekwenda. Nyuma ya kasha kinasimama kichwa cha mashine, chenye kioo kilichochorwa picha na namba zinazoonyesha alama.

Mchezo huu umetokana na bagateli, mchezo wa mezani wa Ulaya. Mwaka 1871 Montague Redgrave, aliyekuwa akiishi Cincinnati, alipewa hataza ya kuuboresha, na sehemu ya maboresho yake ni ule mpini wa springi wa kufyatulia gololi ambao upo mpaka leo. Lakini nyumbani kwa pinboli ni Chicago. Hapa David Gottlieb alitoa Baffle Ball mwaka 1931, na mwaka uliofuata Raymond Moloney akatoa Ballyhoo, ambayo ndiyo iliyoipa kampuni ya Bally jina lake. Wa tatu ni Harry Williams, ambaye jina lake lilibebwa na kampuni ya Williams, na anayekumbukwa pia kwa kubuni kinga ya kuwazuia wachezaji wasiitikise mashine ili kuielekeza gololi wanakotaka. Kinga hiyo imepata sura nyingi, na iliyodumu ni timazi ndogo inayoning'inia katikati ya pete ya chuma. Ukilisukuma kasha kwa nguvu, timazi inagusa pete, saketi inafunga, flipa zinakufa mikononi mwako.

Hadi mwaka 1947 mchezaji hakuwa na flipa. Alivuta mpini, akaachia, na yaliyobaki akamwachia Mungu na misumari iliyotapakaa uwanjani. Ndiyo maana watawala waliiona kuwa kamari. Los Angeles iliipiga marufuku mwaka 1939. Januari 1942 Meya Fiorello La Guardia aliipiga marufuku mjini New York, polisi wakazikusanya mashine kwa wingi na kuzivunja kwa nyundo huku wapiga picha wakitazama. Flipa zilipoanza, kwenye mashine ya Gottlieb iitwayo Humpty Dumpty iliyobuniwa na Harry Mabs, mchezo ulibadilika lakini sheria zikabaki pale pale. Ilibidi ifike mwaka 1974 ndipo Mahakama ya Juu ya California ikubali kwamba huu ni mchezo wa ustadi.

New York ilingoja hadi mwaka 1976. Roger Sharpe, mwandishi aliyekuwa ameufuatilia mchezo huu kwa undani, aliitwa acheze mbele ya wakubwa wa baraza la jiji. Mashine mbili ziliandaliwa. Wao wakashuku kwamba ile ya kwanza huenda imechezewa, wakamtaka atumie ya akiba. Akacheza vizuri, nyuso zao hazikubadilika. Ndipo akawaambia kwamba sasa atavuta mpini, na gololi itapita kwenye njia ya katikati kule juu ya uwanja. Akavuta, akapima, akaachia. Ikapita ya katikati. Marufuku ikaondolewa.

Wengi wakikisimulia kisa hiki wanamsifu Sharpe, na anastahili. Mimi namfikiria pia fundi ambaye hatajwi. Mashine ile ilikuwa na springi inayotoa nguvu ile ile kila inapovutwa kiasi kile kile. Ilikuwa imesimama sawa sakafuni, haijalalia upande. Njia ya katikati haikuwa na msumari uliopinda. Springi ingekuwa imelegea, bingwa yule angeonekana mbele ya baraza kama mtu wa kubahatisha, na jiji lingeendelea na marufuku yake. Kinachoitenganisha pinboli na kamari ni kwamba mkono wa mchezaji ukifanya sawa, mashine inajibu sawa. Flipa ikiwa dhaifu, swichi ikigoma kuhesabu, uwanja ukiwa umejikunja, mkono hauna thamani tena na mchezo umerudi kuwa bahati nasibu. Pinboli mbovu ni kamari. Hiki ndicho kipimo ninachokwenda nacho kwenye kila mashine ghalani, na ndiyo sababu sikubaliani na wanaosema mradi inawaka na kupiga kelele basi imepona.

Tuanze na fyuzi. Chukulia ni Ijumaa usiku, baa imejaa, mashine imezimika, na fundi wa zamu hana fyuzi ya kipimo kinachotakiwa. Anachukua karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, anaizungushia ile fyuzi iliyoungua, anairudisha mahali pake. Taa zinawaka, sarafu zinaendelea kuingia, na karatasi ile inabaki mle kwa miongo. Tumezikuta. Tumekuta pia fyuzi za ampea 20 mahali ambapo kibandiko cha kiwandani kinataka 5. Koili ya pinboli imekusudiwa kupata umeme kwa kitambo kidogo sana, ipige na iachie. Rilei ikinata, au transista ikifa huku imefunga njia, umeme unabaki kwenye koili, koili inapata moto mpaka plastiki yake inayeyuka na waya unatoa moshi. Hapo fyuzi sahihi ingekatika na kuokoa kila kitu. Karatasi ya sigara haikatiki.

Kwa hiyo kazi inaanza plagi ikiwa imelazwa juu ya kasha, mbali na ukuta. Kila fyuzi tunaitoa na kuipima kwa mita nje ya kishikio chake, kwa kuwa ikiwa ndani mita huweza kusoma njia nyingine ya umeme na kukudanganya. Nyaya za zamani zenye pini mbili tunazibadilisha na kuweka zenye waya wa ardhini. Mchezaji anaegemeza viganja vyake kwenye ukingo wa chuma mchezo mzima, na chuma hicho lazima kiwe salama. Tunafyonza vumbi, tunaokota skrubu zilizodondoka, maana skrubu moja iliyolala kati ya ncha mbili inatosha kuua bodi. Tunatoa viota vya panya. Panya wanapapenda sana ndani ya kasha la pinboli, na mkojo wao unakula chuma vibaya kuliko unyevu wa ghala.

Mashine zilizotengenezwa kabla ya miaka ya mwisho ya 1970 hazina kompyuta. Zimejaa rilei, swichi na magurudumu ya namba, na hizo huvumilia sana kutelekezwa. Zilizofuata ndizo zinazokufa kwa kukaa tu, na kinachoziua ni betri.

Nitakupa mfano wa Mata Hari, ambayo Bally waliitoa zama zile kompyuta zilipoanza kuingia kwenye pinboli. Picha ya kioo chake ni kazi ya Dave Christensen, aliyeichorea Bally baadhi ya vioo vinavyotafutwa sana na wakusanyaji. Ndani ya kichwa chake kuna bodi yenye chipu ya Motorola 6800, na kwenye kona ya bodi hiyo imelehemiwa betri ya volti 3.6 ya nikeli na kadimiamu. Kazi ya betri ni kuhifadhi alama za juu na hesabu za mwenye mashine pale umeme unapozimwa. Ikizeeka inavuja. Wengi hudhani kinachovuja ni tindikali, kumbe ni kinyume chake, ni maji ya alkali, na ndiyo maana dawa yake ni siki. Maji hayo yanatambaa chini ya ile rangi ya kijani ya bodi, yanageuza shaba kuwa unga, yanakula miguu ya chipu na pini za viunganishi. Yakifika kwenye nyaya hupanda ndani yake, chini ya plastiki, usiyaone mpaka umekata waya ukakuta shaba nyeusi.

Bodi ya Mata Hari yetu tuliifungua mezani mchana, karibu na dirisha, kwa sababu uozo huu unauona vizuri kwa mwanga wa jua kuliko kwa taa. Tukaikata betri kwa koleo. Tukachanganya siki ya jikoni na maji, tukasugua kwa mswaki, povu dogo likatoka pale palipoathirika. Tukaisuuza kwa maji safi, kisha kwa spiriti, tukaiacha ikauke kabisa. Baada ya hapo ndipo kazi ya uvumilivu ilipoanza: kukwangua kila njia ya umeme mpaka shaba ing'ae, kwa kuwa lehemu haishiki shaba iliyooza, ikishika inashika kwa muda na kesho utarudi pale pale. Vipuri vidogo vya kona ile tulivitoa vyote, hata vilivyoonekana vizima, tukaweka vipya. Betri haikurudi. Tumeweka chipu ya kumbukumbu isiyohitaji betri, na bodi hiyo haitavuja tena.

Siku hizi zipo bodi mpya zinazotengenezwa kuchukua nafasi ya zile za Bally na Williams. Pale ambapo alkali imekula njia zote sioni ubaya kuweka mpya. Lakini bodi iliyoathirika kona moja tu ikatupwa, hapo tumeikosea mashine na tumemkosea aliyeichora.

Nisisitize jambo moja kwa yeyote atakayekabidhiwa mkusanyo kama huu. Kama una alasiri moja tu, usitengeneze chochote. Pita na koleo, fungua kila kichwa, toa kila betri. Mashine za Williams za miaka ya 1980 na 1990, na za Bally za miaka ya 1990, hazina betri ya kulehemu, zina kishikio cha betri tatu ndogo kama za tochi, lakini nazo zinavuja vile vile na zinachuruzika juu ya bodi. Hata The Addams Family ya mwaka 1992, ambayo kwa mashine 20,270 ndiyo iliyouzwa zaidi kuliko pinboli zote za zama za kompyuta, inakufa kifo hicho hicho mtu akiisahau.

Baada ya bodi kukauka ni kuiwasha? Bado. Mjomba wangu alikuwa na kanuni yake: kabla ya kumlaumu spika, mpime anayemlisha. Tunachomoa viunganishi vya bodi zote, tunawasha transfoma na bodi ya umeme peke yake, tunapima. Volti 5 zipo, tena zimetulia? Umeme mkubwa wa namba za alama, unaokaribia volti 190 na unaoweza kumrusha mtu, umekaa mahali pake? Tukiridhika tunazima, tunaunganisha bodi kuu, tunawasha tena. Sasa unatazama kitaa kimoja chekundu kwenye bodi hiyo.

Wahandisi wa Bally walikifanya kitaa hiki kisomwe na fundi aliyesimama gizani nyuma ya baa bila kifaa chochote. Mashine ikiamka kinametameta kidogo, kisha kinawaka na kuzima mara saba. Mara ya kwanza bodi inakuambia imeisoma programu yake. Ya pili na ya tatu, kumbukumbu zake mbili ni nzima. Ya nne na ya tano ni chipu mbili zinazozungumza na swichi, taa na koili. Ya sita ni saa inayoendesha namba za alama, na ya saba ni kwamba umeme wa koili umefika. Kikiishia njiani, kimekuonyesha pa kutazama. Cha kwetu kiliwaka mara nne, kikanyamaza. Chipu ya tano tulipoijaribu kwenye bodi nyingine ilikuwa nzima. Soketi yake ndiyo ilikuwa imeingiwa na kutu ya kijani chini ya mguu mmoja. Tukang'oa soketi, tukalehemu mpya. Mpwa wangu, kijana wa sekondari anayekuja kunisaidia, alisimama mbele ya kitaa akihesabu kwa sauti, na alipofika mwisho akapiga kelele ghala zima likasikia: "Saba, mjomba! Saba!"

Mashine zile zisizo na kompyuta zinataka mkono wa namna nyingine. Chini ya uwanja wa Gottlieb ya miaka ya 1960 utaona mota moja inayozungusha magurudumu yenye vibonde na vilima. Ukigonga shabaha ya alama 50, mota inazunguka na swichi yake inafunga mara tano, kila mara gurudumu la namba linaruka hatua moja na kengele inalia. Unazisikia zote tano, na mchezaji mzoefu anajua kwa sikio kama amepunjwa. Kinachoharibika hapa ni grisi. Grisi ya kale imeganda ikawa gundi, na kifaa kinachotakiwa kuruka kinajikokota. Tunakivua, tunakiosha kwa spiriti, tunakirudisha kikiwa kikavu au na tone dogo mahali pa msuguano tu. Yale mafuta ya kopo ya kupuliza, ambayo kila mtu anayo gereji, hayana nafasi ndani ya pinboli. Yanavuta vumbi, na karibu na cheche za swichi yanaweza kuwaka.

Swichi zenyewe ni visahani vyembamba vya chuma vyenye ncha, na kwenye mashine moja ya aina hii zinafika mamia. Ukiona ncha imeungua unajua tupa ndogo itaisafisha. Lakini kwenye mashine za kompyuta ncha za swichi za uwanjani zimepakwa dhahabu nyembamba, na ukipitisha tupa umeiondoa dhahabu na swichi imekwisha. Hizo zinataka kipande cha kadi safi: kiweke katikati, zibane taratibu, vuta. Nimeona mashine nzuri zilizopoteza swichi zake zote kwa sababu fundi mwenye bidii alizipitia na msasa.

Kuhusu flipa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo mkono wa mchezaji ndani ya mashine. Chini ya kila flipa kuna koili yenye waya wa aina mbili. Waya mnene hutoa nguvu kubwa ya kuirusha flipa. Flipa ikifika mwisho wa mruko wake inasukuma swichi, swichi inafunguka, na umeme sasa unalazimika kupita pia kwenye waya mwembamba mrefu, nguvu inapungua, inabaki ile ya kuishikilia tu. Hivyo mchezaji anaweza kuibonyeza na kuitulizia gololi juu yake apige hesabu. Swichi hii isipofunguka, waya mnene unabaki na umeme na koili inaungua kitufe kikishikiliwa. Ikiwa chafu, nguvu haifiki tangu mwanzo na flipa inainuka kivivu. Watu wengi wakiona flipa dhaifu wanatafuta koili yenye nguvu zaidi, wanaifunga, na gololi inaanza kuruka kwa kasi ambayo mbunifu hakuipangia. Inapasua plastiki na inapita juu ya njia badala ya kupita ndani yake. Mara nyingi kosa lilikuwa uchafu kwenye swichi, au mkono wa kuvuta uliochakaa ukatanuka tundu, au chuma cha koili kilichopigwa miaka mingi kikavimba kichwa na kukwama kwenye bomba lake. Badilisha hivyo vitu vya bei ndogo, rudisha koili ya namba iliyoandikwa kwenye mchoro, na flipa itafika pale inapotakiwa kufika.

Mchoro, ndugu msikilizaji. Pinboli zilikuja na mchoro wake wa umeme ndani ya kasha, karatasi kubwa iliyokunjwa, pamoja na maelezo kwa fundi. Uwanja mzima unainuka kwa bawaba na kuegemea kichwa, ili uone tumbo lote kwa mara moja. Waya zina rangi mbilimbili ili uzifuate kwa jicho kutoka upande mmoja hadi mwingine. Waliozitengeneza walijua zitaharibika kila wiki na walimheshimu atakayeitwa kuzitengeneza. Ghala likitelekezwa, heshima hiyo ndiyo iliyokatika kwanza, mahali fulani kati ya fundi mmoja na mwingine. Karibu nusu ya kazi yetu si kutengeneza kilichochakaa. Ni kuondoa viraka: waya wa bluu uliolehemiwa kuruka rilei iliyogoma, transista ya aina nyingine, kiunganishi kilichokatwa na nyaya zikasokotwa pamoja chini ya utepe. Kila kiraka kiliendesha mashine usiku ule, na kila kimoja kimemficha ugonjwa anayekuja baadaye.

Uwanja nao una mambo yake. Gololi yenye kutu ni msasa unaokimbia, kwa hiyo gololi za zamani tunazitupa zote bila kuzionea huruma. Raba zote zinabadilishwa, kwani raba iliyokauka hairudishi gololi na ile iliyolainika inaacha weusi. Kioo cha picha ndicho kinachonitia hofu kuliko vyote. Picha imepakwa nyuma ya kioo, na joto la balbu miaka yote pamoja na baridi ya ghala vimeibandua. Mtu akija na kitambaa chenye maji akaifuta kwa nia njema, sura ya mtu inaondoka na kitambaa. Usiifute. Ile iliyobaki inazuiwa kwa vanishi angavu ya kupuliza, na nyuma yake tunaweka balbu zinazotumia umeme kidogo: aina ya 44 inavuta ampea 0.25, ya 47 inavuta 0.15, na tofauti hiyo ni joto linaloondoka mgongoni mwa mchoro. Wenzangu wengine wanapenda taa za LED. Hazina joto, hilo ni kweli, lakini nyeupe yake kali inazifanya rangi za Christensen zionekane kama zimelowekwa kwenye maji, na mimi napiga kura ya balbu.

Lipo jambo la mwisho ambalo lilitugawa, nalo ni idadi. Gottlieb ilifunga mwaka 1996, Williams wakaacha pinboli Oktoba 1999, na kwa miaka kadhaa Stern Pinball ndiyo iliyobaki kiwanda kikubwa pekee. Mashine za zamani hazitaongezeka, kwa hiyo moyo unakuambia uziokoe zote. Lakini tumeona yaliyotokea Banning, California, ambako jumba la makumbusho la pinboli lenye mamia ya mashine lilifungwa na mkusanyo wake ukapigwa mnada Septemba 2021, mashine zikatawanyika kila upande. Mkusanyo mkubwa bila mafundi na bila wachezaji ni ghala tu lenye jina zuri. Kule Las Vegas, Tim Arnold amefuata njia nyingine kwenye Pinball Hall of Fame: mashine ziko wazi kwa umma, zinachezwa kwa sarafu kila siku, na zinafunguliwa na kutengenezwa hapo hapo. Nami naona hiyo ndiyo njia. Mashine inayochezwa inakuambia ugonjwa wake mapema, kwa flipa iliyopungua nguvu au kengele iliyokosa mlio mmoja. Iliyofunikwa turubai inaoza kimya.

Kwa hiyo tumeamua hivi. Zilizolala kwenye maji zikapasuka kasha tunazitoa vipuri, kila kipuri na kibandiko cha mashine kilikotoka. Baadhi ya nzuri tunaziuza kwa watu watakaozicheza, ingawa mzee mwenyewe huenda asingependa. Zinazobaki zinatengenezwa moja moja mpaka mwisho, hakuna kuanza ya pili kabla ya kwanza haijachezwa na wageni wakashindwa kuiua. Kila moja ina daftari lililofungwa ndani ya mlango wa sarafu: fyuzi gani zimewekwa, soketi gani zimebadilishwa, kiraka gani kimeondolewa na kilikuwa wapi. Mata Hari imekwenda tayari kwenye ukumbi wa jumuiya, imewekwa kwa pima maji, na uwanja wake umeinama nyuzi 6.5 kamili. Inayofuata ni Gottlieb yenye mota iliyoganda, na kioo chake cha picha bado tunakitafuta.